Mshono wa Siku za Katikati

Cherehani nimeifunika shuka tangu Jumanne.
Wateja wa Bondeni wananiuliza: fundi, umefiwa?
La. Ni Sikukuu ya Vibanda, siku zake za katikati:
moto tunawasha, nyanya tunachuma zisije zikaoza,
ila kazi ya mkono uliofuzu, hapana.

Juzi msumari wa kibanda
ulimpasulia Wangechi gauni, begani hadi kwapani,
na wageni wa Ol Kalou walikuwa njiani.
Ruhusa ipo: shona, lakini kama asiyejua.
Mshono uende kombo, kama meno ya mbwa.

Miaka thelathini na mmoja! Vidole viligoma.
Kila nikiupinda, uzi ulijinyoosha wenyewe.
Nikafumua. Nikafumua tena.
Mwishowe nilimwita Asheri, wa miaka sita,
anishike kifundo cha mkono
atikise apendavyo.
Alicheka mpaka sindano ikanichoma.

Usiku, chini ya paa la mabua ya mahindi,
upepo wa Menengai ukitupukutishia makapi kwenye mchuzi,
mgeni mmoja alilikazia macho bega lile:
fundi gani huyo kakuharibia nguo?

Wangechi akaninyooshea kidole,
kidevu juu.