Kilo Mbili Kasorobo

Rufaa haiiti mashahidi.
Huita karatasi.
Nami nimekuja hivyo hivyo, na buibui langu la Ijumaa,
nikakaa benchi la nyuma kumsikiliza
mimi mwingine, wa ukurasa wa kumi na nne,
akisomwa na watu wenye vitambaa vyeupe shingoni.

"Shahidi wa pili alimwona mrufani akipiga."
Nilisema hivyo?
Nilisema niliona mkono. Niliona fulana ya manjano.
Na fulana ya manjano, Kongowea, saa kumi na moja alfajiri,
ni Mwadime wa mkokoteni, nani mwingine?
Karani akaandika kwa lugha yake,
neno moja likayatosha yote matatu.

Wakili anamenya kitunguu,
ganda baada ya ganda, na hakuna anayelia.
"Stima ilikuwa imepotea, Mheshimiwa Jaji.
Mwanga ni wa lori la viazi likirudi nyuma.
Lori hurudi nyuma kwa muda gani?"
Kule chini kwa hakimu hakuna aliyeniuliza hilo.
Ningemwambia: muda wa mtu kusema "Mama yangu."
Ndivyo alivyosema Nzioka akiangukia magunia yangu,
taya limekwenda upande.

Wa serikali naye akasimama:
shahidi mmoja anatosha akiwa mkweli,
ukweli hauhesabiwi vichwa, unapimwa.
Jaji akaandika. Unapimwa.

Hapo moyo ukanipiga pu.

Kwa kuwa kielelezo namba mbili ni changu.
Jiwe la mizani, la chuma, lilinyakuliwa mezani kwangu
likampata mtu usoni,
kisha polisi wakalitia bahasha ya kaki.
Kilo mbili, imeandikwa, kwenye fomu ya P3.
Kilo mbili kwa hakimu.
Kilo mbili katika kifungo cha miaka mitatu.
Hakuna hata mmoja aliyeligeuza.

Chini lina tundu.
Mjomba Shee alilitoboa zamani,
akaliziba kwa nta na masizi,
akanirithisha pamoja na meza.
Ni kilo mbili kasorobo,
na robo hiyo ndiyo iliyonisomeshea wanangu.

Sasa wanaulizana ushahidi wangu una uzito gani.

Mwadime ameletwa kutoka Shimo la Tewa, mistari myeusi na myeupe,
shingo imekuwa nyembamba.
Hanitazami kwa chuki.
Ananitazama kama mteja anavyotazama sahani,
akingoja niondoe kidole.

Nilimwona?
Usiku huiona fulana, nikaiwekea uso.
Siku nyingine uso huja wenyewe.
Siku nyingine ni uso wa yule kijana wa ndizi
aliyehamia Mariakani wiki iyo hiyo
na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wala mimi.

"Hukumu tarehe kumi na tisa."
Viti vikalia.

Kwenye ngazi, Nzioka akanishika mkono.
Tangu siku ile chakula chake ni uji.
"Ahsante, mama," akasema kwa nusu ya mdomo,
"kwa kusema ulichokiona."

Nikamwambia apite kesho sokoni nimfungie vitunguu.
"Kilo ngapi?" akacheka.
Nikasema nitachota kwa mikono tu.
Bure. Bila kupima.