Bajeti ya Nzohe

Daftari ni la Minza, la darasa la nne,
lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Kurasa za mbele ana mafungu yake ya kumi kumi.
Za nyuma nimezichukua mimi.

Nauli, Nyegezi hadi Geita: watu watatu.
(Mtu amefuta 3, akaandika 4 kwa penseli. Namjua.)
Safari ile tulisota Kigongo saa mbili na nusu,
kivuko kiko ng'ambo, jua utosini,
shemeji Kwilasa akala mahindi ya kuchoma mara tatu
kwa hasira tu.
Sasa kuna daraja. Nimefuta mahindi.
Milembe ameyarudisha, kwa kalamu nyekundu.

Geita hadi Nkome: gari la Butogwa,
likiwa limetoka gereji.
Nkome hadi Rubondo: boti.
Hapa kalamu inasita.
Mwenye boti ukimpigia asubuhi ana bei;
ukimpigia jioni, ziwa limechafuka,
na bei nayo imepanda juu ya wimbi.

Kwilasa anauliza, kwa nini kulekule?
Twende Ndabaka, lango la Serengeti hilo hapo,
simba wanalala barabarani kama wenye nyumba.
Simba, anasema, ndiyo thamani ya pesa.
Nikamwambia: simba ninao kumi na tisa,
wamekunjwa kwenye kopo la maziwa ya unga,
kila mmoja ana uso wa elfu mbili.
Hao ndio nitakaowalipa
ili nikamwone asiyewekwa kwenye noti.

Kwa sababu siku ile wote waligeukia twiga.
Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu,
na pale, ndani ya mafunjo,
maji yakimfika magotini,
alisimama nzohe.
Manyoya yamelowa. Masikio mawili
yanasikiliza kitu ambacho si mimi.
Nikasema, "Jama—"
neno halijatimia
mafunjo yakajifunga taratibu,
kama mlango wa mtu asiyekudai.

Askari wa hifadhi akatazama, akatabasamu:
"Labda pongo, mzee."

Pongo.
Miaka sita neno hilo limenikaa kooni
kama mwiba wa sato: haushuki, hautoki.

Siku hizi alfajiri natoka nyuma ya nyumba, hapa Bugarika.
Pimbi wanaota jua juu ya jiwe.
Nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
najifunza kutokohoa.
Jana mmoja alinikaribia hadi nikaona meno yake.
Jirani aliuliza kama kuna msiba.

Naendelea kuandika. Kiingilio cha hifadhi. Betri za tochi.
Dagaa wa kukaanga, ndimu, chumvi.
Akiba ya upepo, kama boti itagoma kurudi.
Halafu mstari wa mwisho:
*siku moja ya kutoona kitu.*

Milembe alisoma, akanyamaza, akauliza
hiyo nayo inalipiwa?
Inalipiwa, nikasema, bei ileile.
Mwenda bure si mkaa bure.

Asubuhi nimelikuta daftari juu ya meza,
limewekewa kikombe lisipeperuke.
Amekata *moja*, ameandika *mbili*.
Na chini kabisa, kwa wekundu uleule:
*viatu vyako viwe vya kamba.*