Kazi ya Baba Yako

Barua ilifika Duluth siku theluji ilipofunga barabara ya chuo:
"Mpendwa Daktari Yer Moua, tunafurahi kukuarifu."
Dola elfu sita na mia nne.
Niliisoma nimesimama, buti zikichuruza maji sakafuni,
nikapiga hesabu papo hapo:
muhula mmoja bila darasa la asubuhi,
kiti katika chumba kisicho na dirisha
ambamo data hufunguliwa na simu huachwa mlangoni,
na nauli ya basi hadi Minneapolis, kwenda tu,
kurudi ni juu ya idara.
Si haba.
Haba na haba hujaza kibaba,
ingawa hakuna aliyeniambia kibaba chenyewe ni cha nani.

Watu elfu nne waliomaliza shule mwaka wa hamsini na saba
wakaulizwa, wakaulizwa tena,
kwa penseli, kwa simu, na mgeni mwenye jalada kwapani,
kila fedha zilipopatikana:
Umeoa, umeolewa, umezika? Unalala saa ngapi?
Jana ulicheka?
Na swali la kumi na moja, lile lile, neno kwa neno:
Ulipokuwa na miaka kumi, baba yako alikuwa akifanya kazi gani?

Sasa, baba wa mtu hawezi leo kubadili kazi
aliyoifanya mwaka wa arobaini na tisa.
Ndivyo wasemavyo wataalamu,
na wakikuta majibu mawili hushika la kwanza,
hulifuta la pili. Wenyewe huita kusafisha.

Mimi niliomba fedha za uchafu.
Niliandika hivyo hivyo, ila kwa lugha yenye tai shingoni:
"kutolingana kwa majibu ya kumbukumbu katika awamu sita."
Mjumbe mmoja wa kamati, asiye na jina, aliandika pembeni:
Kosa ni kosa. Tutajifunza nini?
Mwingine: Ni kidogo. Apewe.

Basi nipo na 20417.
Ni mwanamke; zaidi ya hapo nimekula kiapo.
Hamsini na saba: msimamizi mgodini.
Sitini na nne, ana mume na watoto wawili: mchimbaji.
Sabini na tano, hana mume: mchimbaji, akipata kazi.
Tisini na mbili: hakuwa na kazi. Alikuwa mlevi.
Elfu mbili na nne: alipika. Mama ndiye aliyetoka.
Na mara ya mwisho, akiwa na miaka sabini na miwili,
mhojaji amebana maneno kwenye nafasi ya maoni:
MHOJIWA KANYAMAZA. KISHA: ALINISUKA NYWELE KILA ASUBUHI.
ANASEMA NIANDIKE HIYO.
Msimbo: 99. Kazi haijulikani.

Nilitoka kwenda kunywa maji.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi
nilipotaka wasichana wa Saint Paul waniogope.
Alikuwa mfagizi wa hospitali nilipotaka msaada wa ada.
Siku ya kumzika alikuwa mkulima, mlimani, Laos,
na wajomba wote waliitikia.
Hakuna niliposema uongo.

Mwezi wa sita ripoti inadaiwa, kurasa mbili, si zaidi.
Nimeweka jedwali moja. Mia tatu na kumi na wawili walibadili jibu;
uhusiano upo, lakini dhaifu, hauna hata nyota moja ubavuni.
Nimekiri. Wala sikusema kilichonitoa nje kunywa maji,
maana hakina safu.
Zimebaki dola kumi na tisa: kanuni ya nane, zirudishwe.

Chini kabisa wana fomu fupi, ya takwimu zao wenyewe,
wajue wanampa nani fedha zao.
Umri. Jinsia. Kazi ya mzazi.
Mwezi wa kumi, nilipoomba, nilijaza: mkulima.
Nje meli ya madini inalia, daraja linapanda kuipisha.
Fomu ni ile ile. Nimeinua kalamu,
na mkono, bila kuniuliza, umeanza na herufi nyingine.