Hodi ya Tatu

Saa sita usiku, duka la dawa, Tandika.
Feni inakoroma. Nasakinisha hifadhidata kwenye Linux,
inaanguka. Narudia: chali.
Ya tatu, kimya.
Tulifunzwa hodi ni tatu,
kisha mgeni hushika njia.

Sikuondoka. Nikafungua daftari la makosa,
kidole kiooni, neno kwa neno:
mlango 3306 una mwenyewe.

Kumbe seva kuukuu ya Shomvi,
aliyehamia Dodoma bila kuaga,
akaiacha macho, ikilinda jedwali la madeni
lenye mstari mmoja:
Bi Mwanahawa, dawa ya kikohozi, mia tano.

Nilishaandika amri ya kufuta.
Nikaifuta amri.
Mgeni nikampa mlango wa jirani, 3307.
Akaingia, akakaa.

Asubuhi nikamuuliza mwenye duka.
Akacheka: “Mama yake Shomvi huyo.
Hajalipa mpaka leo.”