Tangazo la Kazi, Mwanjelwa

Niliandika mwenyewe: anatakiwa chipukizi,
uzoefu miaka mitano,
lugha saba za kompyuta.
Kama mtu anayedai mche wa parachichi
uletwe na matunda yake.

Akaja Subilaga, sweta la shule bado mwilini,
baridi ya Juni vidoleni.
Swali la kwanza: sijui.
La pili: sijui, ila nitasoma.

Kisha akatoa simu yenye ufa,
akafungua tovuti yetu, ile ninayojivunia.
"Kitufe cha kununua kimetoka nje ya kioo.
Mama yangu, muuza viazi Uyole,
angebonyeza wapi?"

Nikanyamaza.
Chini, dukani, walikuwa wanapima mbolea.
Nikavuta kalamu, nikakata miaka mitano.
Zile lugha saba
nilizikata alipoinamia kibodi, asinione.