Waya Ndani ya Mfenesi

Msumeno wa Shaame Faki ulilia mara moja,
ukang'oka meno matatu.
"Mna chuma humu," akasema, akafuta jasho kwa ncha ya kikoi,
"na meno haya mtanilipa."

Mama alikuwa barazani, anachambua karafuu.
Hakuinua uso.
"Si chuma. Ni waya wa Kombo."

Mwaka ule mfenesi ulikuwa mwembamba kama mchi.
Baba aliuzungushia waya, akaukaza kwa koleo,
ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya jiko.
Zikaanikwa nepi zangu.
Kisha akaondoka Mtambwe, akavuka kwenda Tanga,
kwenye mkonge, na barua zikawa mbili.

Utotoni nilidhani mti ukikua utaupandisha waya juu,
nguo zianikwe na kunguru. Haukupanda.
Mti hurefuka kileleni;
shina hubaki pale pale, likanenepa.
Waya ukakaa usawa wa bega la baba,
na kila Idi nilisimama chini yake, kimya,
mpaka Idi moja nikaupita.

Shaame akabandua gome, akanionesha kwa ukucha:
kitu chembamba, chenye kuteleza,
kama utando wa maziwa yaliyochemka.
"Kazi yote iko hapa. Kwa ndani unazaa mbao,
kwa nje unazaa gome, masika na vuli, haulali.
Huu mweupe ndio unaopandisha maji.
Huu wa manjano, wa moyoni, ulishakufa zamani,
na ndio tunaochongea milango."

Basi waya ulibana, na mti haukuukata.
Ulivimba juu yake, ukavimba chini yake,
midomo miwili, ikasogeleana mwaka hata mwaka,
ikakutana.
Mama akafunga kamba ya nazi tawini. Hakusema kitu.

Tukapasua kwa shoka. Waya umo, mweusi,
na pembeni yake manjano yamevilia
kama mguu uliojigonga.
Kutoka pale hadi gome, shubiri nzima.
"Miaka mingapi hiyo?"
Shaame akacheka: "Miti ya huku haiweki daftari."

Jioni mama akaja na waya mpya
kwenye mdalasini wa uani, kijiti bado.
Nilishika koleo. Nikakaza.

"Legeza," akasema,
akapenyeza kiganja baina ya waya na gome,
akakiacha humo mpaka nilipomaliza kufunga.