Daftari la Ghala, Semuto

Wanunuzi wanapima kuta kwa kamba,
wanasema mabati haya yafaa banda la kuku.
Nimekaa kizingitini na daftari la Nabukeera,
karani wa ghala, mwaka wa themanini na tatu,

mwaka ambao buni iliozea mitini
maana wachumaji walikwisha kimbia.
Basi magunia haya kumi na saba ni ya nini,
yaliyoingia usiku, yakalazwa chini ya sakafu,
*yasianikwe, yasiguswe*,
na askari wa doria akatia saini pembeni?

Tarehe tisa Juni, mwandiko umepinda:
*limeongezeka gunia moja.
Kilo tatu kasoro robo.
Linalia.*

Neno la mwisho limekatwa kwa wino.

Mama husema nilizaliwa njiani.
Mizani ingali inaning'inia darini.
Hiyo siuzi.